Tarishi Hakuanguka

Kibogoyo alipata jina lake jukwaani. Katika onyesho la tatu la mchezo uliompa sifa, aliangukia meza ya chai, meno mawili ya mbele yakang'oka, na badala ya kulia akayaokota, akayapangusa kwa shati, akamuuliza bwana mmoja wa mstari wa kwanza kama hakupoteza chochote. Ukumbi ulivunjika mbavu. Daktari alipotaka kumwekea meno mengine, alikataa. Tangu hapo akawa akifungua mdomo kusalimia tu, watu wameshaanza kucheka.

Mchezo wenyewe uliitwa *Tarishi*, na aliyeuandika alikuwa dada yake. Dada alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mkubwa kwake kwa miaka sita, mwanamke wa maneno machache aliyeweza kunyamazisha darasa la watoto sitini kwa kuvua miwani. Aliuandika mwaka mmoja baada ya kumzika baba yao, ambaye alikuwa tarishi. Miaka thelathini na miwili Baba alibeba mafaili kutoka ofisi hii kwenda ile katika jengo la ghorofa nne lisilokuwa na lifti. Siku ya kuagwa alipostaafu, mkurugenzi alisimama mbele ya wafanyakazi wote, akamsifu kwa utumishi wake mrefu, kisha akamwita kwa jina la mtu mwingine.

Kwenye mchezo, hapo Dada alikuwa ameandika mstari mmoja tu: Tarishi anakwenda kupokea cheti. Kilichobaki Kibogoyo alikijaza mwenyewe. Akisikia jina lisilo lake aligeuka kushoto, akageuka kulia, akainama kumtafuta mwenye jina chini ya viti, akajikwaa, akaenda chini na meza, birika na vikombe vyote. Miaka kumi na moja alianguka hivyo. Watu walioana wakaja kumwona, wakazaa, wakarudi na watoto wao wamwone akianguka.

Na miaka hiyo yote kumi na moja, nyuma ya pazia, kwenye kiti cha plastiki, alikaa Akiba.

Akiba alikuwa mwigizaji wa akiba, ndiyo maana ya jina. Kazi yake ilikuwa kujua maneno yote ya tarishi ili siku Kibogoyo akiumwa, yeye apande. Kibogoyo hakuwa mtu wa kuumwa. Akiba alipanda mara mbili tu, na mara zote mbili nusu ya watazamaji waliinuka kwenda zao walipoona si yule waliyemfuata. Mchana alikuwa karani katika duka la misumari na mabati. Mrefu, shingo ndefu, sauti ya chini, mtu ambaye ukiachana naye mlangoni unasahau kama alikuwa na ndevu.

Basi wazo la filamu lilipokuja, Kibogoyo hakuwa na shaka yoyote. Angeongoza yeye, na tarishi angekuwa yeye. Alikwenda kwa mtayarishaji, mama mmoja mwenye ofisi ndogo iliyojaa makasha ya nyaya, akamweleza mpango wake kwa saa nzima bila kuketi.

"Kuongoza, sawa," Mtayarishaji akasema. "Unaujua mchezo huu kuliko mtu yeyote. Kuigiza, hapana."

"Hapana kwa nini?"

"Hebu funga mdomo kidogo. Umefunga? Haya, sasa niambie baba yako amekufa."

"Baba yangu amekufa," Kibogoyo akasema.

Mtayarishaji akajizuia, akauma mdomo, akashindwa. Alicheka mpaka akavuta kitambaa mezani kufuta macho. "Nisamehe," akasema. "Nisamehe sana, ndugu yangu. Lakini umeona mwenyewe. Jukwaani watu wako mbali na uso wako. Kamera itakuja hapa, kwenye pua. Nataka mwisho wa filamu hii watu walie. Wewe hawawezi kukulilia."

Kibogoyo alicheka naye, kwa sababu ndivyo alivyozoea kufanya akiumizwa. Njiani kurudi nyumbani maneno yale hayakumtoka. Kabla hajafika mlangoni, alikuwa ameshampata wa kumpa nafasi hiyo.

"Akiba?" mkewe akashangaa. Mkewe alikuwa muuguzi, mtu wa kuangalia jambo kwanza ndipo aseme. "Kuna waigizaji wangapi mjini, baba watoto? Kwa nini Akiba?"

"Anajua maneno yote. Hatutapoteza muda."

"Umemchagua kwa sababu anajua, au kwa sababu hawezi kukuzidi?"

Kibogoyo akajitia hamnazo, akauliza chakula kiko wapi.

Walikodi ofisi tupu ya ghorofa ya pili, iliyokuwa ya watu wa bima. Wakaziba madirisha kwa vitambaa vyeusi, wakapanga mafaili kwenye rafu, wakazima feni kwa sababu kelele yake iliingia kwenye vinasa sauti. Joto lilikuwa la tanuri. Kibogoyo aliipenda kazi siku ya kwanza. Alipenda kusema "Anza!" na kuona watu wazima ishirini wanatii. Alipenda zaidi kusema "Kata!". Alimwelekeza mpiga picha, akabishana naye, akashindwa, akajifunza. Alijua mtu anapaswa kuingia mlangoni kwa mwendo gani ili mwenzake apate nafasi ya kujibu, na waigizaji wote walikiri kwamba hawajawahi kuongozwa na mtu anayeelewa hivyo.

Siku ya pili aliona jambo dogo. Akiba alikuwa akipita koridoni na mafaili, na alikuwa ameyakumbatia upande wa kushoto, mkono wa kulia ukiwa huru, kidole kimekunjwa tayari kubisha hodi. Kibogoyo akahisi kama mtu amemgusa shingoni kwa kitu cha baridi. Baba alibeba hivyo. Alikuwa amesahau kabisa. Jukwaani miaka yote yeye aliyabeba kichwani, kwa sababu mafaili yakiporomoka kutoka kichwani yanachekesha zaidi.

Akajiambia ni bahati tu. Siku ya tatu Akiba alishuka ngazi kwa kuweka mguu upande, kama mtu aliyezoea kulinda goti moja, na Kibogoyo akasahau kusema "Kata". Mpiga picha akamgeukia. "Vipi, mkubwa? Si nzuri?"

"Nzuri," akajibu. Neno lilitoka kwa shida kama jino la tatu.

Jioni zile, mezani, akaanza kumwigiza Akiba mbele ya watoto. Alirefusha shingo, akanong'ona, akapepesa macho kama mtu anayetafuta bei ya misumari. Watoto walicheka mpaka maji yakawatoka puani. Mkewe hakucheka. Aliendelea kugawa chakula, kisha akasema, "Kama ni mbovu kiasi hicho, mbona humwachi? Asubuhi Akiba, jioni Akiba. Mimi nilipokuwa nakuonea wivu wewe na yule mshona mavazi, sikufika huku."

"Wivu gani? Mimi nimwonee wivu karani wa mabati?"

"Sijasema kitu," mkewe akasema, akampitishia chumvi.

Siku ya tukio la kuagwa, Dada aliomba ruhusa shuleni akaja kuangalia. Akapewa kasha la kukalia karibu na mlango. Kibogoyo alifurahi kumwona. Alitaka Dada aone jinsi watu wanavyomtii, na aone pia, ingawa hilo hakulisema hata kwa nafsi yake, jinsi Akiba atakavyoanguka vibaya.

Walikuwa wameweka viti vya wafanyakazi, meza ya chai, birika, keki. Mwigizaji wa mkurugenzi alisimama na cheti mkononi. Kibogoyo akasema, "Anza!"

Mkurugenzi akasifu utumishi mrefu. Akataja jina. Wafanyakazi wakatazamana. Akiba, aliyekuwa ameketi karibu na msichana aliyecheza binti yake, hakugeuka kushoto wala kulia. Alisema, "Naam," kwa sauti ile ile aliyoitumia siku zote akiitwa. Akainuka, akaenda, akapokea cheti kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Aliporudi alikuwa amekigeuzia cheti kifuani, maandishi yakielekea shati lake, ili binti asione jina lililoandikwa. Akaketi taratibu. Akamwinamia yule msichana.

"Chai yako ina sukari?" akamuuliza.

Msichana hakuwa ameandaliwa swali hilo. Akatikisa kichwa kwamba ndiyo, na machozi yakamtoka kweli.

Mpiga picha alikuwa amekwama nyuma ya kamera kama amegandishwa. Kibogoyo alisahau kukata. Kisha kwenye ukimya ule akasikia sauti ndogo upande wa mlango, akageuka. Dada alikuwa ameweka kiganja mdomoni, miwani imepanda kwenye paji la uso.

"Huyo ndiye Baba," Dada akasema, si kwa mtu yeyote. "Jamani. Huyo ndiye Baba."

Miaka kumi na moja Kibogoyo alimcheza baba yao, maonyesho zaidi ya mia nane, na Dada hakuwahi kumwambia maneno hayo. Alikuwa akimwambia, "Umefanya vizuri, mdogo wangu." Umefanya vizuri!

"Kata!" akapiga kelele. "Kata, kata. Akiba, maneno ya chai na sukari umeyatoa wapi? Hayamo!"

"Samahani, Kaka," Akiba akasema. "Nilidhani..."

"Usidhani. Unajua tukio hili linakwendaje. Sogeeni."

Akaingia mwenyewe mbele ya kamera, akawaonyesha. Akaitwa jina, akageuka kushoto, kulia, akachungulia chini ya viti, akajikwaa, akaenda na meza yote. Kikosi kizima kilicheka mpaka mshika taa akalazimika kuketi sakafuni. Kibogoyo akainuka na krimu ya keki sikioni, akahisi mwili wake umerudi mahali pake. Akamtazama Dada. Kasha lilikuwa tupu.

Alimwangusha Akiba mara kumi na nne siku ile. Akiba alianguka mara kumi na nne, na hakuna hata moja iliyochekesha. Alianguka kama mtu anayeanguka kweli. Mara ya tisa alichubuka kiwiko, mshona mavazi akamfunga kitambaa ndani ya mkono wa shati, Akiba akasema yuko sawa, akarudi kwenye alama yake ya kusimamia. Hakulalamika. Hilo nalo lilimkera Kibogoyo. Angelalamika angalau angekuwa na sababu ya kumchukia.

Mwezi uliofuata alihamia chumba cha kuhariri. Mhariri alikuwa mwanamke mfupi waliyemwita Mkasi, ambaye alikuwa anakula karanga tangu asubuhi na hakuwahi kumtazama mtu machoni, ni skrini tu. Walipofika kwenye tukio la kuagwa, Mkasi aliweka ile ya kwanza. Ikaisha. Akairudisha, akaiweka tena, bila kuambiwa.

"Si hiyo," Kibogoyo akasema. "Tumia la meza. La kumi na mbili, au la kumi na tatu. Ambalo si baya sana."

"Hii ya kwanza je?"

"Itupe."

Mkasi akatafuna karanga. "Mimi huwa situpi," akasema. "Naweka pembeni." Na akafanya alivyoagizwa.

Onyesho la majaribio lilifanyika alasiri moja kwenye ukumbi mdogo wa chuo. Walikuja watu kama thelathini: walimu, wanafunzi, wenye kumbi za sinema wawili watatu, na Mtayarishaji. Dada alikaa mstari wa nyuma. Akiba hakuweza kuja, dukani walikuwa wanahesabu mali.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka kwenye kuagwa. Jina likatajwa, Akiba akageuka kushoto, akageuka kulia, akaanguka. Wachache wakacheka kwa adabu. Kijana mmoja wa chuo akasema kwa sauti, "Ah, angekuwa Kibogoyo hapo!" na ukumbi ukacheka kwa hilo kuliko ulivyocheka kwa anguko. Kibogoyo, gizani, alisikia utamu. Aliyeyuka. Alikaa na utamu ule kwa dakika nzima kabla ya kukumbuka kwamba filamu inayoshindwa pale mbele ni yake.

Tarishi alikufa kwenye filamu na hakuna aliyesogeza hata mkono kufuta jicho. Taa zilipowaka watu walipiga makofi ya haraka huku wakiinuka kwenda zao. Mwenye ukumbi mmoja alisema anaweza kuionyesha wiki moja, saa nane mchana. Mtayarishaji alisubiri wageni watoke.

"Nilikuwepo siku ile mlipopiga tukio la kuagwa," akasema. "Nilisimama kule nyuma. Nilichokiona siku ile, leo sijakiona. Kimekwenda wapi?"

"Hakikukaa vizuri na mengine."

"Hakikukaa vizuri na nani?" Mtayarishaji akauliza, akachukua mkoba wake. Kibogoyo alipogeuka kumtafuta Dada, alikuwa ameondoka bila kuaga.

Jumamosi asubuhi alikwenda kwake. Dada alikuwa jikoni, madaftari ya wanafunzi yamejaa mezani, kalamu nyekundu mkononi.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Kaa." Hakuinua kichwa.

Kibogoyo akakaa. Alikuwa amejiandaa kuzungumza taratibu, lakini mdomo ulimtangulia. "Ni wewe uliyemwambia. Habari za mkono wa kushoto, goti, chai na sukari. Wewe ndiye uliyemwambia Akiba."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Alikuja hapa Jumapili tatu mfululizo. Alikaa kwenye kiti hicho hicho. Akaniuliza Baba alikuwa anabeba faili kwa mkono gani. Akaniuliza viatu vyake vilikuwa vinalika upande upi. Nikamwambia."

"Mtu baki! Mimi nimetoka tumbo moja na wewe. Miaka kumi na moja namcheza Baba, hukuniambia neno."

"Hukuuliza."

"Ungeniambia tu!"

Dada akaweka kalamu chini. "Ningekuambia lini? Ulikuwa unatoka jukwaani watu wamekubeba juu juu. Mimi nimekaa nyuma, namwangalia baba yangu anaanguka, watu wanacheka. Onyesho la kwanza nilikwenda kulia chooni. La pili nilikaa nikazoea. Baadaye nikasema moyoni, mdogo wangu hakuwepo siku ile, huenda hivi ndivyo anavyomlilia. Nikakuacha."

Kibogoyo alitazama daftari lililokuwa wazi mbele yake. Mtoto alikuwa amekosea hesabu ya kugawanya, na Dada alikuwa amemwandikia jibu sahihi pembeni kwa herufi ndogo. Ni kweli hakuwepo. Alikuwa mji mwingine na kikundi cha vichekesho. Aliahidi kurudi, kisha wakaongezewa onyesho moja, akabaki. Habari ya jina lililokosewa aliipata kwa simu, na alipoisikia alicheka. Hilo la kucheka hakuwahi kumwambia mtu.

"Kwa hiyo hakuanguka," akasema.

"Hakuanguka. Hata kujikwaa hakujikwaa."

"Ilikuwaje, Dada?"

Dada akavua miwani. Akamsimulia kila kitu, kuanzia asubuhi: Baba alivyonyoosha shati mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu na pasi, alivyokataa kupanda gari la jirani, alivyowasalimia watu wa kila ghorofa kwa majina yao, hata wafagizi. Kibogoyo alikuwa anaitikia kwa kichwa, na kila kipande kilimuuma kwa sababu Akiba alishakisikia kabla yake, kwenye kiti hiki hiki.

"Na kulikuwa na kiti," Dada akasema. "Mimi nilikaa kulia kwake. Kushoto aliweka koti lake. Kila aliyetaka kukaa hapo alimwambia, samahani, hapa ni pa kijana wangu, yuko njiani. Mpaka mwisho. Alipotoka kuchukua cheti, kabla hajaketi, alitazama mlangoni."

Kibogoyo akalifunga lile daftari.

"Hilo sikumwambia Akiba," Dada akasema. "Hilo halimhusu."

Wiki nyingi alikuwa ametamani kuwa na kitu cha Baba ambacho Akiba hana. Sasa alikuwa nacho, na hakujua akishike wapi. Alikaa pale mpaka Dada akamaliza madaftari ya darasa zima, na mara moja tu Dada alinyoosha mkono, bila kuacha kusahihisha, akamfuta uso kwa pindo la kanga yake kama alivyomfuta alipokuwa wa miaka minne.

Jumatatu alikuwa wa kwanza kufika kwenye chumba cha kuhariri.

"Rudisha ile ya kwanza," akamwambia Mkasi.

Mkasi akabonyeza mara mbili. Tukio lilikuwa tayari limeshaunganishwa, sauti imesafishwa, hata mwanga umewekwa sawa. Walilitazama pamoja. Akiba akasema "Naam", akaenda, akarudi na cheti kifuani. Kibogoyo alikuwa ametegemea kwamba baada ya mazungumzo ya jikoni wivu utakuwa umemtoka. Haukuwa umetoka. Iliuma pale pale, na kwa nguvu ile ile.

"Anaweza, mshenzi huyu," akasema.

"Sana," Mkasi akasema.

"Si lazima useme sana."

Mkasi akamsogezea karanga.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa hadi ngazini. Watu wengi walikuja kwa ajili ya jina la Kibogoyo kwenye bango, na walikuja wamejiandaa kucheka, na nusu ya kwanza walicheka kwelikweli. Kisha jina la mtu mwingine likatajwa kwenye skrini, na Akiba akaitikia. Kibogoyo alikuwa amesimama pembeni, mgongo ukutani, kwa hiyo hakuitazama filamu, aliwatazama watu. Aliona mabega yanavyoshuka. Aliona mwanamume mnene mwenye tai akivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Tarishi alipokufa, ukumbi mzima ulikuwa unatafuta vitambaa, na Mtayarishaji alikuwa amejificha nyuma ya bango anapiga chafya za uongo.

Huko nje ya ukumbi Akiba alizungukwa. Watu walimshika mikono, walimpiga picha, bibi mmoja alimbariki. Kibogoyo alikaa kando na glasi ya soda, akiwapokea waliomkumbuka. Dada alipotoka, alipita katikati ya watu moja kwa moja mpaka kwa Akiba, akamkumbatia, akakaa hapo. Kibogoyo alitazama saa. Hakutaka kuitazama lakini aliitazama. Ilikuwa karibu dakika nzima.

Mwandishi mmoja wa gazeti akamjia na kinasa sauti. "Bwana mwongozaji, ulimfundishaje huyu bwana? Alikuwa hajulikani kabisa."

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeiva. Kibogoyo akaumeza. "Sikumfundisha," akasema. "Nilimzuia. Nilimkatia tukio hilo kwa sababu ya wivu, mpaka dada yangu aliponifanya nilirudishe."

Mwandishi akacheka mpaka kinasa kikamtoka mkononi. Waliokuwa karibu wakacheka pia. "Huyu bwana!" wakasema. Akiba peke yake, kule alikokuwa, hakucheka. Akajitoa kwenye lile kundi, akaja.

"Najua, Kaka," akasema. "Mkasi aliniambia."

"Na hukuja kunipiga?"

"Nilitaka. Halafu nikakumbuka." Akiba akashusha sauti, ingawa tayari ilikuwa chini. "Miaka kumi na moja nimekaa nyuma ya pazia naomba Mungu uumwe. Si ugonjwa wa kukuua. Homa. Homa ya siku tatu, nne. Kila ulipopiga chafya mimi nilisimama kufunga vifungo vya shati."

Kibogoyo alimwangalia. "Ule mwaka nilipoharisha?"

"Nilifunga swaumu ya shukrani," Akiba akasema. "Halafu ukapona saa moja kabla ya onyesho."

Walicheka wote wawili, kwa shida, kama watu wanaosukuma gari bovu. Dada akaja kuwachukua, akaenda katikati yao, amewashika mikono wote, na waliposhuka ngazi Kibogoyo aliona kwamba anaongea zaidi upande wa Akiba. Akaendelea kushuka.

Filamu ilikaa ukumbini wiki saba. Gazeti liliandika safu mbili kuhusu Akiba na mstari mmoja kuhusu mwongozaji, ambao Kibogoyo aliusoma mara nyingi kuliko anavyoweza kukiri. Habari za kiti chenye koti hakuziweka popote, si kwenye filamu wala kwenye mahojiano. Ni mkewe tu aliyesimuliwa, mchana mmoja wakiwa wanakunja nguo, na mkewe aliacha kukunja.

Miezi mitatu baadaye Akiba aliacha kazi ya duka. Alikuwa ameitwa kwenye filamu nyingine, kubwa, na mwongozaji mwenye sifa. Kibogoyo alipata habari hizo kwa watu. Alikaa nazo siku mbili, akapiga simu.

"Huyo mwongozaji wako mpya," akasema bila salamu, "anakuongoza vizuri?"

"Si kama wewe, Kaka."

"Mwongo."

"Mwongo kabisa," Akiba akasema. "Ananiacha nifanye nitakavyo, na hapigi kelele. Kwa kweli ni raha."

Kibogoyo alihisi wivu unaanza tena, safari hii juu ya mtu ambaye hata hajawahi kumwona. Akavuta kiti, akaketi.

"Haya, niambie," akasema. "Anafanyaje hasa? Anza mwanzo."